Umahiri wa Daktari Wembe

Siku idara ilipopokea mtaala mpya, Wembe alikaa kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango, mahali ambapo mtu akisonya anasikika vizuri bila kuonekana. Wembe halikuwa jina lake. Wanafunzi walimpa kwa sababu ya ulimi wake, na alipolisikia mara ya kwanza hakukasirika, alilivaa kama watu wanavyovaa nishani. Alikuwa daktari bingwa wa afya ya jamii. Alikuwa amewafundisha madaktari waliokuja kusomea ubingwa huo tangu nywele zake zikiwa bado nyeusi, na katika muda wote huo hakuwahi kuona jambo jipya likiletwa na Mwenyekiti wa idara ambalo lilistahili hata kumfanya atoe miwani kwenye mkoba.

Mwenyekiti alisimama mbele ya projekta, nusu ya slaidi ikiwa imemwangukia usoni, akaeleza kwamba kuanzia sasa daktari hatahesabiwa bingwa kwa sababu tu amekaa darasani na kufaulu mtihani. Atahesabiwa bingwa akionekana anaifanya kazi yenyewe: anachunguza mlipuko wa ugonjwa, anazungumza na watu wanaougua, anamshawishi mwenye mamlaka achukue hatua. Mwalimu atafuatana naye huko huko, atamtazama, kisha ataandika moja kati ya maneno mawili, tayari au bado. Hayo ndiyo mafunzo ya umahiri, alisema Mwenyekiti, na wageni kutoka baraza la madaktari watakuja mwisho wa mwezi kuona idara ilivyoyapokea. Alipowataja wageni alijirekebisha tai.

Kisha akagawa mtaala. Wembe alivaa miwani, akaufungua katikati, akasoma kidogo tu na mambo yote yakawa wazi. Mwenyekiti alikuwa amechukua mtaala wa zamani, ule ule, akaiamuru kompyuta kila penye neno "mada" iweke "umahiri". Kompyuta, kwa utii wake, haikubagua. Mada ya Tatu ilikuwa imegeuka Umahiri ya Tatu. Na pale palipoandikwa zamani madaraka ya mwenyekiti wa idara, sasa palisomeka "umahiriraka".

Wembe aliinuka taratibu, kama mtu aliyeitwa kutoa salamu.

"Mwenyekiti, nina swali dogo," alisema. "Hii umahiriraka yako inaishia wapi?"

Watu walicheka mpaka mwingine akamwaga chai. Mwenyekiti naye alicheka, maana hakuwa na la kufanya, lakini masikio yalimwiva. Wembe alikaa akiwa ameshiba. Moyoni alikuwa na hakika kwamba mtindo wote huu ni mapambo ya kuwapumbaza wageni. Mtu anayejua, anajua. Ukimjaza elimu kichwani, mikono na mdomo vitafuata vyenyewe. Kwenda kumtazama daktari mzima akiwasalimia watu, umwandikie kwamba amesalimia vizuri, aliona ni kazi ya mlezi wa chekechea.

Mwenyekiti alipopata pumzi alisema kwamba kwa kuwa Daktari ameusoma mtaala kwa makini kuliko wenzake wote, yeye ndiye atakuwa mtathmini wa kwanza. Ikawa zamu ya wengine kusonya, kwa raha.

Wembe hakukataa, kwa sababu mtu aliyepangiwa amtathmini alikuwa Maktaba.

Maktaba alikuwa mwanafunzi wake wa mwaka wa mwisho, kijana mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likasimama peke yake. Wenzake walimwita hivyo kwa sababu alikuwa na kitabu kizima kichwani, na ukimuuliza swali alikujibu hadi ukurasa. Wembe alidharau karibu kila aliyetembea katika jengo lile, lakini Maktaba hakumdharau. Alimwona kama kazi ya mikono yake. Basi alijiambia, nitamchukua huyu, nitakaa kimya nimtazame, ataifanya kazi kama maji yanavyoteremka, na nitarudi kumwambia Mwenyekiti kwamba mtihani wetu wa zamani ulishayaona haya yote bila kuchoma mafuta ya gari.

Haikupita wiki, ofisi ya afya ya wilaya ikaomba msaada. Kwenye shule moja ya bweni ya wasichana kulikuwa na kuhara na kutapika, na wagonjwa walikuwa wanaongezeka. Afisa wa wilaya alitaka wataalamu waende kwanza wakaangalie, wamwambie la kufanya.

Walipokelewa na Mkuu wa shule, mama mnene, mtaratibu, mwenye sare ya kitambaa kizito na kalamu nyekundu iliyochomekwa kwenye nywele. Aliwakalisha ofisini, chini ya makombe ya riadha na picha za wahitimu, akaagiza soda. Akasema kwamba hakuna ugonjwa. Mtihani wa taifa umekaribia, na wasichana wakisikia mtihani matumbo huchafuka. Kila mwaka huwa hivyo. Alisema haya huku akisogeza sahani ya biskuti, na macho yake hayakutulia mahali pamoja.

Wembe aliiona ile danadana ya macho. Akamtupia jicho Maktaba: haya, mwanangu, uliza jiko liko wapi, uliza maji yanatoka wapi. Maktaba alikunywa soda. Alisema anaelewa, na kwamba wasiwasi unaweza kweli kuvuruga tumbo, akataja na kitabu kilichosema hivyo. Mkuu wa shule alimpenda papo hapo.

Bwenini mambo yalikuwa mabaya zaidi. Harufu iliwapokea mlangoni. Wasichana walikuwa wamejikunja vitandani, ndoo chini, na matroni amesimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, akimkodolea macho kila aliyefungua kinywa. Maktaba hakumwomba matroni awapishe. Alisimama miguuni pa kitanda cha kwanza, akafungua jalada lake, akamuuliza msichana ikiwa mwanzo wa dalili ulitangulia au ulifuata mlo wa pamoja. Msichana alimtazama matroni, akasema hajui. Wa pili hajui. Wa tatu alijigeuzia ukutani. Maktaba alichukua sampuli za choo kwa ufundi safi kabisa, akazifunga, akaziandika kwa mwandiko wa kupendeza, akamshukuru Mkuu wa shule kwa ushirikiano. Jikoni hakufika. Wakatoka.

Wembe, ambaye kwa kanuni hakutakiwa kusema lolote, alijizuia mpaka gari lilipopita lango. Hapo alimwaga yote. Alimwambia Maktaba kwamba amekwenda shuleni kama mgeni wa harusi, amekula, amekunywa, amesifia, ameondoka. Kwamba amemwogopa mwanamke kwa sababu ya kalamu. Kwamba kuku angekuwa na udadisi kuliko yeye, maana kuku angalau angechungulia jikoni. Dereva aliongeza sauti ya redio kidogo, kwa adabu.

Maktaba alivumilia akiangalia magoti yake. Mwishowe alisema polepole, "Daktari, ulinifundisha yote niliyotakiwa kuyajua. Hili la leo sijawahi kukuona ukilifanya. Wewe ungefanyaje?"

Hakuuliza kwa ujeuri, na hilo ndilo lililomchoma Wembe. Alimwamuru dereva ageuze gari.

Alichofanya Wembe kilisimuliwa shuleni pale kwa muda mrefu. Hakupita ofisini. Alikwenda moja kwa moja jikoni, Maktaba akimkimbilia nyuma, akafunua masufuria, akanusa, akapitisha kidole kwenye meza na kukiinua juu watu wakione. Aliwauliza wapishi maji wanayateka wapi, na kabla hawajajibu akawauliza kama kwao pia wanaishi hivi. Mkuu wa shule alipofika akihema, wasichana wazima walikuwa wameshajipanga na sahani zao wakisubiri chakula, na walimu wawili watatu wamesimama barazani.

"Jiko hili limefungwa," Wembe alisema.

"Limefungwa na nani?"

"Na mimi. Na wewe, Mwalimu, ningekushauri uache kuwadanganya watu kwamba kuhara ni hofu ya mtihani. Mtihani ulioshindwa ni wako. Mtu asiyejua tofauti ya choo na jiko hafai kulea hata paka."

Kicheko kilipita kwenye mstari wa wasichana, kikakatika. Mkuu wa shule hakupaza sauti. Alisimama akiwa amekodoa macho, na mkono wake ukapanda kwenye nywele, ukaichomoa ile kalamu, ukaishika tu. Kisha akauliza barua ya kufunga jiko iko wapi. Wembe hakuwa nayo. Mwenye uwezo wa kulifunga alikuwa afisa wa wilaya, na afisa alikuwa anasubiri neno lao. Mkuu wa shule aliwageukia wapishi, akawaambia wapakue. Halafu akamwita mlinzi awasindikize wageni.

Wakarudi. Alichojua Wembe ni kwamba alikuwa amesema kweli, na alishangaa kwa nini kweli hiyo haikumpa raha yake ya siku zote.

Alikaa na dada yake mkubwa, hakimu mstaafu, katika nyumba yenye vitabu vingi na viti vichache. Jioni ile, jua likiwa bado dirishani, alimsimulia kisa chote huku akikata vitunguu, akimwigiza Mkuu wa shule alivyokodoa macho. Alitegemea kicheko. Dada yake alimsikiliza kama alivyosikiliza mashahidi kwa maisha yake yote, kichwa kimeinama upande.

"Kwa hiyo jiko limefungwa?" aliuliza.

"Halijafungwa. Yule mjinga kawaambia wapakue."

"Basi mdogo wangu, ulikwenda kufanya nini kule?"

Wembe alijibu kwamba kuna watu wanastahili kuambiwa. Dada yake akasema sawa, ameambiwa, na watoto wamekula. Akachukua kisu kingine akaanza kumsaidia na vitunguu.

Asubuhi simu ililia wakati Wembe anavaa viatu. Wasichana wengine walikuwa wameugua, wengi kuliko jana, na mmoja alikuwa amepelekwa hospitali akiwa hajitambui. Wembe alikaa kitandani, kiatu kimoja mguuni. Alifikiri juu ya ile foleni ya sahani, na juu ya afisa wa wilaya ambaye hakumpigia jana. Alimtafuta mtu wa kumdharau, kama ilivyokuwa kawaida yake jambo likimkaa vibaya, akamfikiria Mkuu wa shule, akamfikiria Maktaba, akamfikiria Mwenyekiti na tai yake. Hakuna aliyemfaa. Alivaa kiatu cha pili akaenda hospitali.

Wodi ilijaa. Vitanda viliongezwa hadi kwenye ujia, na sakafu ilikuwa imelowa dawa ya kuua vijidudu. Kwenye kitanda cha mwisho alilala msichana mdogo wa umbo, midomo imepauka, macho yameingia ndani, na muuguzi alikuwa anahangaika kutafuta mshipa wa kuwekea dripu mguuni kwa sababu mikononi imeshindikana. Aliyekuwa ameushika ule mguu usitikisike ni Mkuu wa shule. Alikuwa amevua viatu. Kalamu haikuwepo, nywele zimefumuka, na alikuwa anamwita msichana kwa sauti ya chini, mwanangu, mwanangu, amka.

Sindano iliingia. Maji yakaanza kushuka. Wembe alingoja hadi muuguzi alipoondoka, ndipo akasogea upande wa pili wa kitanda. Alikuwa na habari zote za magonjwa ya kuhara, na juu ya neno alilotaka kulisema hakuwa na habari yoyote. Lilikuwa chungu kama kwinini.

"Mwalimu," alisema, "jana nilikuvunjia heshima mbele ya watoto wako na wafanyakazi wako. Naomba unisamehe."

Mkuu wa shule hakuinua macho. Alisema kwamba mwaka mmoja uliopita shule ilifungwa kwa mlipuko wa surua, wazazi wakahamisha watoto, na nusu ya hao hawakurudi shule yoyote, kuna walioolewa. Alikuwa ameapa kwamba haitafungwa tena mikononi mwake. Wembe alisikia jibu kali likimpanda kooni, tena zuri sana, akalimeza.

"Sitaki kuifunga shule yako," alisema. "Nataka kujua wamekunywa nini tu."

Ndipo mama yule alipomwambia. Bomba la mji lilikuwa limekatika. Alikuwa amewaruhusu wapishi wateke kwenye tangi la zamani lililochimbiwa ardhini nyuma ya vyoo, tangi ambalo liliachwa kwa kuwa lina ufa. Alidhani ni jambo la kupita tu. Jana, pale ofisini, alikuwa anangoja mtu amuulize. Angeulizwa angesema, au pengine asingesema, hajui. Lakini alipotukanwa mbele ya watoto, aliona afadhali afe na siri yake.

Walifanya kazi pamoja kutwa nzima. Wembe alimpigia afisa wa wilaya, lori la maji safi likaja, tangi likafungwa kwa saruji, jiko likaendelea kwa maji yaliyochemshwa. Mkuu wa shule mwenyewe aliwakusanya wasichana uwanjani akawaambia ukweli, na Wembe alisimama pembeni bila kuongeza neno, jambo ambalo lilimchosha kuliko kuhutubia. Maktaba aliitwa akaja, akachukua sampuli za maji, akafanya hesabu zake bila kosa. Maabara ilithibitisha baadaye. Wagonjwa wapya walipungua, kisha wakakoma, na yule msichana wa kitanda cha mwisho aliamka akaomba kitu cha kula. Ikawa heri.

Iliyobaki ilikuwa karatasi ya tathmini. Wembe aliipeleka kwa Mwenyekiti mwenyewe. Juu ya Maktaba alikuwa ameandika bado, na chini yake ameeleza kwamba anajua ugonjwa lakini hajui kukaa na mtu. Nafasi ya saini ya mtathmini ilikuwa mwisho wa ukurasa, na kando ya saini yake napo aliandika bado.

Mwenyekiti aliisoma mara mbili, akafunga mlango wa ofisi.

"Daktari, wageni wanakuja keshokutwa. Unataka niwaonyeshe mwanafunzi bora ambaye bado, aliyetathminiwa na bingwa ambaye bado?"

"Ndiyo. Si ndivyo umahiri wako unavyotaka?"

"Wangu ni wa kwenye karatasi," alisema Mwenyekiti, kwa uwazi ambao Wembe hakuutegemea kwake. "Mlipuko umekwisha, si umekwisha? Basi Maktaba ameumaliza."

Wembe alimtazama. Kwa mara ya kwanza aligundua kwamba yeye na mtu huyu walikuwa wamekubaliana tangu mwanzo. Wote wawili waliyachukulia yale mafunzo kuwa mapambo. Tofauti ni kwamba yeye alicheka na mwenzake akayatundika ukutani. Aliondoka bila kuaga, na dharau aliyotoka nayo safari hii ilikuwa nzito, maana sehemu yake ilikuwa ya kwake mwenyewe.

Mwenyekiti alitoa karatasi mpya, akaandika tayari, akatia saini. Maktaba aliipokea. Alikuja kumuaga Wembe akiwa na shati lake lililosimama, akasema amepata kazi, atakuwa daktari mkuu wa wilaya ya mbali, na kwamba mama yake amengoja siku hii kwa muda mrefu mno. Hakuweza kumtazama usoni. Wembe alimwambia kwamba ameuza kitu ambacho hata hajakipata. Yalikuwa maneno makali, na hakujuta kuyasema. Wageni wa baraza walikuja, wakaonyeshwa picha ya lori la maji kwenye slaidi, wakasifu, wakala, wakaondoka.

Wembe aliendelea kufundisha, lakini nusu ya muda wake sasa aliutumia nje, na wanafunzi waliokwenda naye walimshangaa. Alikuwa anakaa na wenye vibanda vya chakula, na wasimamizi wa machinjio, na wenyeviti wa mitaa, akiwauliza mambo na kungoja majibu yaishe. Hakuwa hodari. Mara nyingine ulimi ulimponyoka, na wanafunzi waliona akirudi nyuma hatua chache na kuomba radhi, uso umemkunjamana kama mtu aliyeuma limau. Aliwaambia wamwandikie wanachokiona. Waliogopa, kisha wakaandika.

Mvua zilipoanza, Maktaba alipiga simu. Sauti yake ilikuwa imesinyaa. Alisema kuna mlipuko wa kuhara majimaji sokoni, watu wameanza kufa, na mwenyekiti wa soko amemfukuza ofisini kwa sababu amemsomea sheria ya afya mbele ya wafanyabiashara. Alisema hajui la kufanya. Alilitamka kabisa, sijui, neno ambalo Wembe hakuwahi kulisikia kinywani mwake.

Kisha alimtukana kidogo. Haja ya kumtukana ilikuwepo. Akamuuliza yuko wapi sasa.

"Nje ya ofisi yake, Daktari. Kwenye gari."

"Toka kwenye gari. Jalada liache humo. Ingia umwombe radhi, ukae. Usimwambie cha kufanya. Muulize amezika nani."

"Halafu?"

"Halafu nyamaza," alisema Wembe, huku akivuta mkoba wake kutoka juu ya kabati. "Nakuja."